Miraba ya Kaa na Fagio Langu

Jumatatu, 3 Machi

Wanakuja! Walimu watatu wakubwa wa chuo kikuu, na viatu vyao vya ngozi, wanakuja kukanyaga matope kwa ajili ya kaa wa mwanangu! Kanipigia simu asubuhi nikiwa wodi ya watoto, nikaliachia tambara la kudekia likaanguka ndani ya ndoo, maji yakamrukia sista mkuu. Akasema kuna nini, nani kafa? Nikamwambia hajafa mtu, kazaliwa profesa!

Haya. Nimekaa, nimetulia. Habari yako, daftari. Najua sijakugusa tangu mwaka uanze. Usinune.

Niandike vizuri ili nikizeeka nisome mwenyewe. Kitinda mimba wangu anamaliza shahada ya pili. Ya pili! Mimi niliishia darasa la saba, baba yake la sita na nusu, na hiyo nusu anaitaja mpaka leo. Wiki kumi na sita mwanangu anahesabu wanyama kwenye kinamasi cha chumvi, kule nyuma ya kiwanda cha zamani cha barafu. Jua, mvua, yumo. Imebaki hesabu moja tu, ya mwisho, Jumapili hii. Halafu mwisho wa wiki ijayo walimu wanakuja kuona kwa macho yao na kumuuliza maswali papo hapo. Wakiridhika, shahada yake, na nafasi ya kazi kituo cha utafiti yake. Wasiporidhika — siandiki hilo.

Jioni kapita wifi yangu, dada yake mume wangu. Nikampa habari kabla hajakaa. Akasema, "Wifi, miaka yote ile ya chuo na bado anacheza na matope? Wangu aliacha matope ana miaka minne." Nikamjibu, "Ndiyo maana hakujua kilichomo." Kacheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Nimemwalika. Nimealika pia nusu ya wodi. Sista mkuu kasema atabadilisha zamu. Waje! Waje wote waone.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimetoka kazini nikaenda naye kinamasini. Jamani, kumbe kuna mambo!

Kwanza huoni kitu. Matope, nyasi fupi za chumvi, mashimo madogo kama mtu kachomachoma kwa kidole. Mwanangu akasema, "Mama, simama usitingishike." Mimi kutotingishika! Lakini nikajitahidi. Mara wakaanza kutoka, mmoja, wawili, mia. Kaa wadogo, mwili kama kitufe cha koti. Na kila dume ana gando moja kubwa kumzidi mwenyewe, rangi ya chungwa, kama mtu mwembamba kabeba gitaa. Analiinua, analishusha. Analiinua, analishusha. Njoo, njoo, njoo. Wote pamoja, uwanja mzima! Na majike wanapita katikati taratibu kama watu wapitao sokoni bila nia ya kununua. Mmoja kasimama mlangoni kwa dume, kachungulia shimo, kaenda zake. Kachungulia la pili. Kaenda. La saba ndiyo kaingia. Nikasema safi sana binti, usiolewe na mlango, angalia chumba.

Lile gando kubwa ati halifiki mdomoni! Dume anakula kwa mkono mmoja ule mdogo, jike anakula kwa yote miwili. Kwa hiyo jike anashiba mapema na dume anakaa mezani muda mara mbili, kwa sababu mkono wake mwingine ni wa kujionyesha tu. Nimecheka mpaka nimekaa kwenye matope. Nikasema lazima nimwambie baba yako. Akasema, "Mama, tafadhali usimwambie." Na likikatika gando, linaota jingine, zuri kwa macho lakini jepesi, halina nguvu. Wenzake hawajui! Anaendelea kuwatisha nalo. Hapo nikamfikiria wifi.

Kuna na nyasi nyeusi zinazotupwa na bahari juu ya matope, niliziita mwani. Kanirekebisha kwa adabu. Si mwani, mama, na si uchafu. Ni nyasi kweli, nyasi bahari, zina mizizi, zinachanua maua chini ya maji. Maua! Chini ya maji! Nani anayaona? Kasa anazikata kule kwenye maji ya kina kifupi, anakula kidogo, nyingine zinaelea, bamvua, yale maji makuu ya mwezi, linazileta huku juu. Halafu zinaoza, vidudu vinazila, kaa wanachambua matope yaliyoshiba, ndege wanakula vidudu na kaa. Kwa hiyo kasa kule, asiyejua hata jina la kaa, ndiye anayemlisha! Mwanangu anasema watu hawajapima kinamasi hiki kinategemea nyasi zile kwa kiasi gani. Yeye ndiye anapima. Mtoto niliyemzaa mimi.

Kanieleza na habari za miraba yake, vijiti na kamba, kumi na miwili. Nilisema ndiyo, ndiyo. Ukweli nilikuwa namwangalia dume mmoja aliyekuwa anafunga mlango wake kwa tonge la matope, kama mtu anayefunga duka kabla mvua haijafika.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaeleza wodi nzima habari za mikono miwili. Wauguzi hawana mbavu. Sasa wananiita Mama Kaa. Nimeitika.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu ya mapumziko, na sikupumzika. Nimefanya jambo jema na sijamwambia mtu, nakwambia wewe tu.

Mwanangu kaenda mjini kuchapa ripoti na kuifunga jalada, anarudi kesho. Nikawaza: wageni wazito wanakuja, na pale mahali panaonekanaje? Jumanne niliona. Miraba sita safi kama sahani. Sita imejaa manyasi makavu, meusi, yamelala mpaka kifundo cha mguu. Nikajua tu: kaanza kusafisha, kachoka, hakumaliza. Ana mambo mengi mtoto yule. Najua kasema si uchafu. Kule baharini sawa, si uchafu. Lakini mfagiaji yeyote atakwambia, kitu kilichotoka mahali pake ndicho uchafu. Unga mezani ni chakula, unga sakafuni ni kazi yangu. Miaka ishirini na miwili nafagia hospitali. Najua ninachosema.

Nikachukua fagio langu la chelewa, lile gumu la uani. Saa mbili asubuhi nimeshafika. Nikaanzia mraba ulio karibu na ukuta wa kiwanda, nikaenda kwa mpangilio. Sikukanyaga ndani hata mara moja! Nilisimama nje ya kamba nikavuta kwa mkono mwepesi, mstari juu ya mstari, tope la chini lisichimbike. Vidudu vilikuwa vinaruka kama mafuta kwenye kikaango. Kaa wakazama wote. Nyasi zote nikazikusanya rundo moja kando ya nguzo ya zege iliyovunjika, maana kutupa ovyo ni tabia ya wanaojifunza kazi. Saa tano nimemaliza. Miraba yote kumi na miwili sawasawa, kama vitanda vya wodi kabla daktari hajapita!

Mzee Chambo alikuwa kwa mbali na jembe lake. Ni yule mzee anayechimba minyoo ya kuwauzia wenye ndoana, mwanangu alimwomba asipite karibu na kamba na hapiti. Jina la wodini limeshamfikia, kanipigia kelele, "Mama Kaa! Leo umeajiriwa na bahari?" Nikamwambia, "Bahari haiuwezi mshahara wangu!"

Mgongo unauma vizuri. Simwambii mwanangu. Ataona mwenyewe Jumapili akienda kuhesabu. Nangoja uso wake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeuona uso wake.

Karudi kabla ya saa sita. Hakuvua buti. Kakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikatoka natabasamu, najifuta mikono, tayari kushukuriwa. Akasema, "Mama, wameniharibia."

Miraba sita ile yenye nyasi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Sita yeye mwenyewe anaondoa nyasi kila wiki, kwa makusudi, kwa mkono. Sita anaziacha. Anahesabu wanyama huku na huku, anaona tofauti. Ndiyo siri yote. Wiki kumi na sita. Leo kakuta yote iko sawa, vidudu hakuna, mashimo nusu hayana mwenyewe. Hesabu ya mwisho imekufa.

Na mimi nikauliza, "Nani?"

Niliuliza nani! Mdomo huu huu.

Akasema ni wachimba chambo tu, nani mwingine anafika kule. Kaosha chupa moja ile ile ya kuwekea vidudu mara tatu, hakulia. Angelia ningesema. Au nadanganya tena.

Nimefungua ukurasa wa Jumanne. Maneno yapo. "Si uchafu." Mwandiko wangu. Nimejipa gando la pili leo, zuri kwa macho, halina nguvu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimpelekea mwanangu chai kinamasini baada ya zamu, ili niseme. Nikamkuta amesimama na Mzee Chambo. Hakupaza sauti, hajalelewa hivyo, lakini maneno yalikuwa na makali. "Mzee wangu, nilikuomba kwa heshima." Mzee kasema, "Binti yangu, mimi nachimba. Sifagii. Inama uangalie, hizo ni alama za jembe?"

Maji mafu wiki hii, hayajafika juu kule. Alama za fagio zipo wazi kwenye tope, mistari myembamba, imenyooka, mmoja kando ya mwingine. Yeyote aliyewahi kupita korido yangu asubuhi angeijua.

Mzee kaiangalia mistari. Kaniangalia mimi. Nikashika chupa ya chai kama mtoto mchanga. Akasema, "Labda upepo. Siku hizi kuna upepo wenye mistari."

Mwanangu hakucheka. Akamwambia hana budi kuandika kwenye ripoti kwamba wachimba chambo wasiruhusiwe tena kinamasini, pazungushiwe uzio, kwa ajili ya wanyama. Mzee akajibu taratibu, "Sawa, mwanangu. Mtu husoma ili ajue."

Mwanangu alipotangulia, mzee kafuta jembe kwa nyasi, akasema bila kunitazama, "Una mkono mzuri, Mama Kaa. Mistari imenyooka." Kisha akasema, "Miaka thelathini nachimba hapa. Kazi nyingine siijui. Lakini mwana ni wako, na mdomo ni wako." Kanyanyua kopo lake la minyoo, kaenda.

Nimerudi nyumbani na chai yote.

Jumanne, 11 Machi

Kazini nimefagia korido moja mara mbili. Sista mkuu kaniuliza, "Mama Kaa, buti namba gani zinafaa kwenye matope?" Nikamwambia zozote. Hata sikusimulia kitu! Kanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nimekwenda peke yangu. Sikujua nakwenda kufanya nini. Kuwaomba kaa radhi, labda. Nikakaa karibu na lile rundo langu, kando ya nguzo ya zege, nikatuliza mwili kama mwanangu alivyonifundisha.

Lo! Niandike kabla sijasahau.

Rundo liko hai. Unainua unyasi mmoja, chini yake mamia ya vidudu vile virukavyo, vimebanana kama watu kwenye foleni ya dawa. Chini ya vidudu tope limekuwa jeusi, laini, linanuka kama chumba kilichofungwa. Na pembeni yote, kuzunguka, kaa! Siku nne tu zimepita! Nimehesabu arobaini na moja kabla macho hayajachoka, na majike ndio wengi. Mashimo mapya, udongo wake bado una unyevu. Nikahesabu na kwenye mraba wangu wa kwanza, ule wa karibu na ukuta. Sita. Walikuwa wanachambua tope, wanatema vidonge vidogo vidogo, wanasogea, wanachambua, kama mtu anayetafuta mchele kwenye sahani tupu. Niliwanyang'anya meza, hivyo tu. Niliwapangusia chakula wakiwa wanakula.

Wakaja ndege wawili wa miguu mirefu, midomo iliyopinda chini. Mmoja anatembea juu ya rundo, anadunga, anadunga, hakosi. Wala hawakuniogopa. Nilikuwa kama gogo, na mara ya kwanza maishani sikuona vibaya kuwa gogo.

Halafu hili. Dume mdogo ana shimo lake karibu na kiatu changu. Kaja dume mgeni, mkubwa, anataka kumtoa. Wanasukumana magando. Yule mdogo anashindwa, anarudi nyuma, gando lake linatetemeka. Mara jirani wa shimo la pili, mkubwa kuliko wote, kaacha mlango wake wazi — wazi kabisa! — kaja mbio, kamsukuma yule mgeni mpaka kaondoka. Kisha karudi kwake, kaendelea kula, kama hakutokea jambo. Na jana yake labda walikuwa wanagombana wao kwa wao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Afadhali jirani unayemfahamu.

Nikamkumbuka mzee na upepo wake wenye mistari. Kaacha mlango wake wazi kwa ajili yangu. Na mimi bado nimejificha shimoni.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema.

Alikuwa mezani na kompyuta, ukurasa ule wa mwisho. Niliusoma juu ya bega lake. "Uvurugaji uliofanywa na wachimba chambo." Herufi zimekaa vizuri, kama ukweli. Nikaenda uani, nikachukua fagio, nikalilaza juu ya makaratasi yake. Likamwaga matope makavu kwenye jalada jipya.

Nikasema, "Mwandike huyu."

Kaangalia fagio. Kaangalia mikono yangu. Mtoto mwenye akili, haikuchukua muda. Akasema, "Mama." Basi. Halafu akasema, "Jumapili uliniuliza nani."

Nikamwambia niliona aibu. Na mimi si mtu wa aibu, unanijua, sijazoea kuishika, sikujua nianzie mkono upi. Nikamwambia nilitaka pang'ae. Nilitaka wakiingia wale watu waseme mtoto huyu ana mama.

Katoka nje. Nimesikia bomba la uani likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa. Birika lilichemka mpaka maji yakaisha. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, lakini kashika kalamu.

"Ulianza saa ngapi?"

"Nini?"

"Saa ngapi, mama. Na mraba upi."

Nikamwambia saa mbili, wa karibu na ukuta. Uliingia ndani? Sikuingia. Ulichimba tope? Sikuchimba, mkono mwepesi. Yote sita siku hiyo hiyo? Yote. Ulimaliza saa ngapi? Saa tano. Nyasi ulipeleka wapi? Kwenye nguzo, rundo moja. Kalamu ikasimama. "Rundo moja?" Nikamweleza yote, vidudu, ndege, jirani kaacha mlango wazi, arobaini na moja huku, sita kule. Nilipofika kwa yule dume mdogo alisahau kunikasirikia, nikaona kabisa, shingo imesogea mbele, kama alipokuwa na miaka saba anasikiliza hadithi. Kisha akakumbuka.

Akasema, "Umeyakumbukaje yote hayo?" Nikaanza kupangusa matope ya fagio mezani. Akasema, "Mama, umeandika?"

Anajua nina daftari. Hajawahi kuliomba.

Kaifuta ile sentensi ya wachimba chambo. Niliona herufi zikirudi nyuma moja moja mpaka mwisho. Halafu kaniambia wazi, hakunibembeleza, na nampenda kwa hilo. Rundo moja ni rundo moja, si ushahidi, huwezi kusema kitu kwa rundo moja. Walimu wanaweza kuitupa hesabu ya mwisho wakakubali kumi na tano zilizobaki. Au wanaweza kusema rudi, anza upya, miezi minne. Na kituo cha utafiti hakitamngoja miezi minne.

Chai hakuinywa. Lakini fagio kalisimamisha mwenyewe nyuma ya mlango. Hakulitupa.

Alhamisi, 13 Machi

Tumekwenda wote wawili kwa Mzee Chambo kabla sijaingia zamu. Mwanangu alipiga goti matopeni, suruali safi ile, akasema, "Mzee wangu, nilikukosea. Nilisema nisilolijua." Mzee kamwinua, kaniangalia, akasema, "Si nilikwambia ni upepo? Huu hapa, umevaa gauni." Mwanangu kacheka! Kidogo tu, puani, lakini nilisikia. Mzee akasema atakuja kusikiliza walimu, maana na yeye anataka kujua kaa wanakula nini, miaka thelathini anawaona hajauliza.

Njiani mwanangu kaniambia analotaka. Hesabu isiyojulikana ilikotoka ni takataka, mama, neno hilo unalijua wewe. Kwa hiyo lazima walimu wasikie kutoka kwa aliyefagia. Siku gani, saa ngapi, mkono gani. Mbele yao. Mimi nisimame niseme. Na wapewe kurasa, za Ijumaa na za Jumanne zote mbili, zenye tarehe, wazione kwa macho.

Mbele ya walimu sawa. Lakini nimealika watu! Nimempigia wifi nimwambie asije, matope mengi, jua kali, miguu yake. Kasema, "Wifi, nimeshaazima buti! Siwezi kukosa siku ya mtoto wetu." Mtoto wetu! Leo ndiyo kawa wetu. Sista mkuu keshabadilisha zamu, wauguzi watatu nyuma yake. Nimekusanya mashahidi mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu.

Na ndani ya kurasa hizi wifi yumo. Gando jepesi limo. Baba watoto kanikuta nachungulia daftari, akauliza ile habari ya mikono miwili wauguzi wanayomcheka nayo barabarani ni nini hasa. Nikamwambia ni sayansi.

Mwanangu keshatandaza nguo yake ya kuvaa. Buti kaziosha, kaziweka mlangoni kando ya fagio langu. Kapita hapa mezani sasa hivi, kasimama nyuma yangu. Hakusoma, hawezi kusoma bila ruhusa, namjua. Kaweka mkono begani kwangu akasema mwezi unajaa, bamvua limeshaanza kupanda, miraba itapata nyasi mpya, zinatoka kwa kasa moja kwa moja. Nikamuuliza, wewe ukisimama mbele yao huogopi? Akasema, "Naogopa, mama. Lakini nitakuwa na wewe." Wasomi!

Kaacha mkasi hapa, kando ya daftari. Wa kukatia kurasa, nimeelewa.

Maji yanatoka saa nne asubuhi. Walimu watatu, sista mkuu na wauguzi wake, wifi na buti za kuazima, Mzee Chambo na jembe, na bahari na nyasi zake — wote Jumamosi.